Kati ya Amina Yao na Yangu

Naandika haya kwa ajili yako uliyekaa kwenye benchi, kikopo cha makohozi mkononi, unautazama mlango wa nesi. Nilikaa hapo kabla yako. Sitakuambia usijali, maana mimi niliambiwa hivyo na kila mtu na sikuona kumenisaidia nini. Nitakueleza yaliyonipata, mengine ya aibu, na mwishoni nitakuonyesha kitu kimoja nilichokiokota njiani ambacho hakijaniacha mpaka leo. Ni kidogo. Kama umekuja kutafuta muujiza, kaa chini kwanza.

Tulikuwa tunakaa Mkuyuni, chumba na sebule, mimi na mume wangu Mugeta na binti yetu Kabula aliyekuwa na miaka minne. Mugeta alikuwa amepunguzwa kwenye kiwanda cha pamba. Ndiyo ilikuwa miaka ya kupunguzwa ile. Ukisikia fulani kapunguzwa hukuuliza kwa nini, ulisema pole ukapita. Akapata kibarua cha kubeba barafu kwenye kiwanda kipya cha minofu, na mimi nikawa nakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki nyama ikishasafirishwa Ulaya, nauza pale barazani. Jumapili nilikuwa mtu mwingine. Niliongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu, Kwaya ya Furaha ya Kudumu, na nikipanda juu pale watu walikuwa wanaacha kujipepea. Kama ni kujisifu, basi najisifu. Sina tena cha kujisifia.

Kikohozi kilianza kiangazi. Nilisingizia moshi wa mafuta. Mwezi wa pili gauni likaanza kuning'inia, usiku shuka linaloa jasho, na kwenye mazoezi nikawa nakatika katikati ya mstari. Wenzangu wa kwaya wakaanza kunipisha kwenye benchi kuliko heshima yangu ilivyohitaji. Siku moja nilikuta kikombe changu cha chai kimewekwa peke yake dirishani, nacho kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake ili kisichanganyike. Mtaani walikuwa wanasema nimekanyaga waya, ndivyo walivyouita ukimwi siku hizo. Hakuna aliyeniambia usoni. Nilipopimwa ikaonekana ni kifua kikuu, na yale mengine hayakuwepo, lakini uzi mwekundu haukufunguliwa.

Nesi alinieleza dawa zangu: miezi minane kwa jumla. Miwili ya kwanza, vidonge na sindano kila siku, sindano sitini. Baada ya hapo vidonge tu.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Nansio siku ileile alipopata habari. Ni mwanamke wa Kikerewe mwenye maneno machache na yote ameyapima. Aliniangalia, akamwangalia Kabula anayecheza magotini pangu, akaanza kukunja nguo za mtoto bila kuuliza.

"Mama, nesi amesema nikishaanza dawa siambukizi sana," nikamwambia.

"Sana," akasema. "Hiyo sana ndiyo siitaki. Maliza sindano zako zote sitini, mwanangu. Ukimaliza nitamleta mwenyewe."

Asubuhi yake niliwasindikiza bandarini kwenye meli ya Nansio. Kabula alikuwa amebebwa mgongoni, anaimba wimbo wetu wa kwaya, ile sehemu yangu ya juu, anaikosea palepale ninapoikosea mimi nikiwa na haraka. Nilisimama mpaka sauti ikapotea. Nilirudi nyumbani nikijihesabia: sitini. Wewe ukiwa mama utaelewa kwamba kuanzia hapo sikuwa natibiwa kifua. Nilikuwa natembea sindano sitini kwenda Nansio.

Sasa nikueleze benchi. Tulikaa wanane, kumi, kila asubuhi, kila mtu na kadi yake. Sindano ilichomwa takoni, leo upande huu, kesho ule, ili nyama ipumzike. Nesi wetu alikuwa mtu wa Musoma, herufi za l na r zikimchanganya, akiangalia kadi anatangaza mbele ya wote, "Mama Kabura, reo kuria." Au kushoto. Aliyekuwa karibu yangu siku zote ni Mzee Saidi, fundi cherehani wa palepale Mkuyuni, mwembamba kama rula yake. Siku ya kwanza alinitazama sana, akauliza:

"Wewe si wa kwaya ile ya Furaha ya Kudumu?"

"Shikamoo. Ndiye mimi."

"Marahaba. Yale majoho ya kijani nilishona mimi, hata jina la kifuani. Kola zilinisumbua." Kisha nesi akaita, leo kulia, na mzee akatikisa kichwa. "Ona sasa. Furaha ya Kudumu, leo kulia."

Benchi zima likacheka mpaka likakohoa. Kuanzia siku hiyo ndiyo ikawa salamu yetu. Siku yangu ya kulia yeye alikuwa wa kushoto, na siku yake ya kulia mimi wa kushoto. "Leo lia wewe," ananiambia, "mimi napumzika." Ilikuwa kichekesho chepesi tu, lakini ndicho kilichonitoa kitandani asubuhi. Kuomba kulikuwa kumenishinda tayari. Nilikuwa nasema Baba yetu kwa sababu mdomo unaijua njia yenyewe, kama punda aliyezoea kwenda kisimani. Mzee Saidi alikuwa akishuka kitandani mwa sindano anasema Alhamdulillahi, anachechemea kuja kukaa, na mimi nilikuwa namwonea wivu. Nilitamani kuwa na neno langu moja ambalo bado lilikuwa na mtu ndani yake.

Kwenye sindano ya arobaini hivi, masikio yakaanza kulia. Kwanza kwa mbali, kama wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, ukiwa mbali husikii ila uvumi. Kisha wakakaribia. Nikitembea, ardhi ikawa inanikwepa. Nesi alikuwa ametuambia tangu siku ya kwanza, akatuambia wote: ukisikia mlio masikioni au kizunguzungu, sema siku hiyohiyo. Nilisikia vizuri alivyosema. Nilinyamaza kwa sababu zilibaki ishirini, na nilijua nikisema atasimamisha, na Mama wa Nansio alisema sitini, hakusema arobaini na kitu. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo hakikuja. Ndugu yangu wa kwenye benchi, wewe sema. Sema hata kama imebaki moja. Hiki ndicho nilichotaka kukuambia tangu mwanzo, na kama huna muda wa mengine, unaweza kuishia hapa.

Vuli ilikuwa imeshaanza siku Mzee Saidi alipokosekana. Siku ya pili nikamuuliza nesi. Akanijibu akiwa anafungua sindano, uso ameinamisha, na nikasikia: "Mzee Saidi amefika."

Nikafurahi. Nikadhani yuko nje anavuta pumzi kwenye ngazi. Nikaweka mkoba wangu kwenye nafasi yake asije mtu akakaa. Nilichomwa, nikarudi kukaa, nikamngoja mpaka benchi likaisha watu. Kesho yake tena nikaweka mkoba. Mama mmoja mgonjwa alitaka kukaa pale, nikamzuia, nikamwambia hapa pana mtu. Akasema kitu, nikatabasamu tu. Nilishazoea kutabasamu kwa nisivyovisikia.

Nesi alitoka chumbani kwake. Akaangalia mkoba, akaniangalia mimi. Akachuchumaa, akashika uso wangu kwa mikono miwili na kupeleka mdomo sikioni pangu, na hata hivyo ilimbidi aseme mara tatu.

"Amefariki, mama. Nirikwambia amefariki."

Nilimlilia mzee yule kwenye nafasi yake, na nesi alikuwa amesimama pale analia pia, sijui kwa ajili ya nani kati yetu wawili. Alikuwa ameshaelewa. Akanipigia makofi nyuma ya kichwa, sikugeuka. Akaenda na kadi yangu kwa daktari, ikarudi imepigwa mstari. Sindano zangu zilikomea hamsini na nne.

Kabula hakuja. Mugeta alivuka kwenda Nansio kumweleza mama yake, akarudi peke yake. Alinisogelea akanena kwa nguvu, mishipa ya shingo imemtoka: "Anasema hukumaliza. Anasema mpaka vidonge viishe." Miezi sita mingine. Sikumchukia yule mama wakati huo wala sasa. Alikuwa amezika watoto wake wawili kwa kukohoa. Lakini nilikaa sakafuni.

Mlio wa wadudu ulinyamaza baada ya wiki chache, na uliponyamaza uliondoka na kila kitu. Ikabaki miungurumo tu, ngoma, mlango ukibamizwa, honi ya meli. Mvua ilinyesha juu ya bati letu na nikawa naijua kwa kuona maji yanadondoka. Mafuta kikaangoni sikuyasikia, nikawa naunguza mapanki. Sauti za wanawake zilikwenda zote, na za ndege, na yangu mwenyewe. Niliimba nikiwa nimeshika koo kwa kiganja, nikasikia inatetemeka, basi. Sikujua kama ilikuwa sauti au kelele.

Mchungaji alikuja kutembelea. Ni mtu mwema, na wema wake una haraka. Alisema makohozi yangu yamekuwa safi, kanisa limeomba, Mungu amejibu, inanipasa kusimama Jumapili nitoe ushuhuda. Kwetu ndivyo ilivyo: ukiombewa ukapona, unasimama. Mugeta alinirudishia maneno hayo kwa kuyaandika nyuma ya karatasi ya sukari, na chini mchungaji mwenyewe akaongeza: Waambie umepata furaha ya kudumu.

Nikavaa joho la kijani. Nikasimama mbele, nimeshika ukingo wa benchi. Nikasema Bwana asifiwe, nikaona midomo ikisema amina. Nikasema kifua kimepona, asanteni kwa maombi. Nilikuwa nataka kusema juu ya masikio. Nilikuwa nataka kusema pia kwamba furaha sina, labda kuna mwenzangu mle ndani ambaye naye hana, tukae wote. Mchungaji akainua mkono. Wote wakafumba macho kuomba, nami nikafumba.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia. Mimi siku hizi husimama kwa macho. Zile sindano zilikuwa zimekwenda na mizani ya mwili, nikifumba macho sijui juu ni wapi. Nilianguka katikati ya mabenchi kama gunia.

Nilipofumbua, walikuwa wamenizunguka. Wanawake wa kwaya, niliowafundisha sauti mimi mwenyewe, wamenyoosha mikono, nyuso zimekunjamana, midomo yote inafanya neno moja. Nilikuwa mgeni wa kusoma midomo lakini neno lile lilikuwa rahisi. Toka. Toka. Toka.

Nilikuwa nalisubiri neno hilo tangu uzi mwekundu. Nikainuka, nikashika benchi hadi benchi, nikavua joho nikaliweka pale mwishoni, nikatoka.

Nyumbani Mugeta alinipazia sauti huku akionyesha kwa mikono. "Walikuwa wanamwambia pepo! Walidhani una pepo!"

"Pepo hajatoka," nikamwambia. "Nimetoka mimi."

Sikurudi kule miezi mitano. Kiangazi kifupi kikaja kikapita, masika yakaanza, nami nikawa nameza vidonge na kukaa. Nitasema ilivyokuwa bila kuipamba: nilitaka kufa. Nilikuwa naona aibu hata kwa hilo, mtu aliyepona kutaka kufa. Mugeta alichoka. Mtu akikupazia sauti kila siku, hata akisema ameleta samaki utaona anakugombeza, na yeye alikuwa anarudi kutoka kwenye barafu mikono imekufa ganzi, akakuta chakula kimeungua na mke anatazama ukuta. Siku nyingine hatukusemezana kabisa. Wanawake wa kwaya walikuja mara moja, wameleta joho limefuliwa na kupigwa pasi. Mmoja alikuwa analia. Nililipokea, nikalitundika kwenye msumari. Mishono ya Mzee Saidi haikuwa imeachia hata mahali pamoja, kola imekaa sawa. Nililitazama lile joho miezi yote mitano.

Tulikuwa tukisali kabla ya kula, kwa mazoea. Mugeta alisali, mimi nilikaa macho wazi nimtazame mdomo nijue amemaliza lini. Yeye alifumba, hakujua.

Vidonge viliisha masika yakielekea mwisho. Mama wa Nansio alitimiza neno lake. Nilikuwa nimekaa mlangoni nilipowaona wanakuja, na Kabula alikuwa amerefuka, miguu imekuwa mingi. Alikimbia, akasimama hatua mbili mbele yangu, akaniamkia shikamoo. Niliona mdomo. Akaanza kusema, akasema mengi, mikono inaruka, na mimi sikusikia hata uzi mmoja wa sauti yake.

"Sema kwa nguvu, mwanangu."

Akasema kwa nguvu. Niliona misuli ya shingo yake ndogo. Hakuna kilichokuja. Akamgeukia bibi yake, na mdomo ukapinda, akalia, na kilio chake sikukisikia. Nilimbeba. Kilio kilikuja kifuani pangu, kile kifua kilichopona, kikagonga mbavu. Mama wa Nansio alitazama pembeni. Baadaye alimwambia Mugeta, na Mugeta akaniandikia, kwamba kama angejua angemleta kwenye hizo hamsini na nne.

Asubuhi yake tulikaa sote wanne mkekani, uji katikati. Huko Nansio Kabula alikuwa amefundishwa kusali chakula, na bibi yake akampa nafasi. Mtoto akakunja mikono, akatutazama mmoja mmoja kuhakikisha. Aliponiona macho yangu yako wazi alinikazia jicho la bibi yake hasa. Nikafumba. Nimekaa, nikajisemea, kukaa sitaanguka.

Ndani mle palikuwa peusi na pametulia. Sikujua anasema nini. Nikamngoja amalize, najua ukoo ule, wakishika maombi wanaombea mpaka kuku wa jirani. Sikuwa naomba. Nilimkumbuka Mzee Saidi na nafasi yake kwenye benchi, na jinsi nilivyoikalia na mkoba. Nikasema moyoni leo lia wewe, mimi napumzika, na sijui nilikuwa namwambia nani. Nikaendelea kukaa. Hakuna aliyenitaka niseme kitu wala niwe na kitu. Kwa mara ya kwanza tangu bandarini sikuwa nahesabu.

Nikashangaa mtoto hamalizi. Nikafumbua jicho moja.

Walikuwa wamemaliza zamani. Uji ulikuwa umeshika utando. Wote watatu walikuwa wamekaa mikono mapajani, wananitazama, hakuna aliyegusa bakuli, na Mugeta alikuwa na machozi mpaka kwenye ndevu. Aliniambia baadaye kwamba bibi alitaka kunigusa, na Kabula akamzuia mkono: "Muache, bibi. Mama bado anaongea na Mungu."

Wala sikuwa naongea naye. Nilikuwa nangoja Amina ambayo ilishapita. Nikacheka, na kucheka kwangu nilikusikia mbavuni, na Kabula akacheka kwa kuniona. Tukanywa uji wa baridi.

Kesho yake alinigonga mkononi kwa kidole, mara tatu. A-mi-na. Alilibuni mwenyewe, hakufundishwa. Mpaka leo ndivyo tunavyofanya, na sasa yuko darasa la tatu.

Sasa nimalizie, maana nawe utaitwa muda si mrefu. Masikio hayakurudi, na nimeacha kuyadai. Kanisani nakwenda, nakaa ukutani upande wa besi na ngoma, na wakisimama kuomba mimi nakaa, sielezi mtu. Ushuhuda sijatoa tena. Siku nyingi ni ngumu. Sauti ya binti yangu naijua kwa ile siku ya meli tu, na ile ni ya mtoto wa miaka minne. Hii ya sasa sitaijua.

Lakini kila asubuhi nafumba macho. Ananigonga mara tatu, nami nazisikia zote tatu, na sifumbui hapohapo. Nabaki kidogo pale, kati ya Amina yao na yangu, mahali ambapo hawajanipigia kelele wala kuniambia nitoke, na kila ninapokwenda nakuta pako. Majoho yale yaliandikwa jina kubwa mno kwa kitu kilichokaa mahali padogo hivyo. Nikifumbua, uji unakuwa umeanza kupoa, na wao wamekaa, wananingoja.